Mali Bila Daftari: Tarehe ya Kipimo cha Umeme katika Vituo vya Data

Mtu aingiaye kwa mara ya kwanza katika kituo cha data, yaani jumba ambamo kompyuta kwa maelfu hupangwa makabatini zikihifadhi barua, picha na hesabu za watu walio mbali, husikia kwanza uvumi wa feni usionyamaza usiku wala mchana, kisha huhisi baridi itokayo chini ya nyayo zake, kwa kuwa katika majumba mengi sakafu imeinuliwa na vigae vyake vimetobolewa ili hewa ya viyoyozi ipande mbele ya makabati. Na azungukapo nyuma yake hukutana na hari mithili ya hari ya jikoni. Kati ya baridi ile na hari hii ilijificha kwa miaka mingi hasara isiyojulikana kadiri yake, na wahenga walikwisha kunena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Si kwamba umeme haukulipiwa. Hati ya malipo ilifika kila mwezi, ila ilitaja jumla peke yake, wala haikubainisha ni kiasi gani kilichofanya kazi iliyokusudiwa na ni kiasi gani kilichomezwa na viyoyozi, betri za akiba, transfoma na taa. Na aghalabu aliyenunua kompyuta hakuwa yule aliyelipa umeme, hivyo hapakuwa na wa kuuliza. Miongoni mwa waliotangulia kulishughulikia jambo hili kwa mita na subira walikuwa watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, huko California, ambao mwanzoni mwa karne hii walikwenda kituo baada ya kituo wakipima, wakaona tofauti kubwa ajabu: mahali pamoja sehemu kubwa ya umeme ilizifikia kompyuta, na mahali pengine zaidi ya nusu iliishia njiani.

Mwaka 2006 wahandisi wawili, Christian Belady na Christopher Malone, walipendekeza kipimo kijulikanacho kwa herufi tatu, PUE, na mwaka uliofuata jumuiya ya makampuni iitwayo Green Grid ikakieneza. Hesabu yake ni nyepesi: umeme wote uingiao katika jumba hugawanywa kwa umeme uzifikiao kompyuta zenyewe. Jawabu likiwa 1, hakuna kilichopotea. Likiwa 2, basi kila yuniti ya kazi imesindikizwa na yuniti nyingine ya baridi na mengineyo. Karani mwenye mita mbili, moja langoni na moja kwenye makabati, aliweza kuipata nisba hiyo, na wepesi huo ndio uliokipa kipimo nguvu.

Wakati nao ulikuwa umewadia, kwani mwaka 2007 shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira lililiarifu bunge kwamba vituo vya data vya nchi hiyo vilitumia mwaka uliotangulia yuniti zipatazo bilioni 61, sawa na asilimia 1.5 ya umeme wote wa taifa. Mwaka 2008 Google ikatangaza wastani wa vituo vyake vikubwa, 1.21, na jambo lililokuwa siri ya biashara likageuka fahari. Mwaka 2011 Facebook ikafungua huko Prineville, Oregon, kituo kilichopozwa kwa hewa ya nje na manyunyu ya maji, kipimo chake 1.07, ikazitoa hata ramani zake zisomwe na atakaye. Wahandisi nao waliacha desturi ya kuzigandisha kompyuta: kiwango cha hewa kilichoshauriwa, ambacho mwaka 2004 kilikuwa kati ya nyuzi 20 na 25, kilipanuliwa mwaka 2008 kikawa kati ya 18 na 27. Katika uchunguzi wa taasisi ya Uptime, wastani ulioripotiwa ulishuka kutoka 2.5 mwaka 2007 hadi 1.58 mwaka 2018, na miaka 5 baadaye ulikuwa ule ule.

Hapo ndipo mpaka wa kipimo ulipodhihiri. Tuseme jumba linatumia kilowati 1,000, na nusu yake ni ya kompyuta. Nisba ni 2. Msimamizi mwaminifu akizima kompyuta zisizo na kazi, akaokoa kilowati 100, ilhali viyoyozi vinaendelea kama kawaida, nisba hupanda ikawa 2.25, naye huonekana mharibifu kwa sababu ya wema wake. Luiz Barroso na Urs Hölzle wa Google walikuwa wameeleza mwaka 2007 kwamba seva nyingi hufanya kazi kwa asilimia 10 hadi 50 tu ya uwezo wake, na kwamba hata isiyo na kazi hula takriban nusu ya umeme wa ile iliyoelemewa. Mwaka huo huo orodha ya Green500 ilianza kuzipanga kompyuta kubwa za utafiti kwa kazi zitoayo kwa kila wati, na hiyo ndiyo njia ambayo vituo vya biashara havijaifuata ipasavyo.

Haja yake sasa ni kubwa kuliko wakati wowote. Watafiti wa Berkeley walikadiria matumizi ya Marekani kuwa yuniti bilioni 70 mwaka 2014, ongezeko dogo kwa miaka 8 ya kukua kwa intaneti, na hayo yalikuwa matunda ya kupima. Lakini mwaka 2023, akili bandia ilipokwisha kuingia, yalifika bilioni 176, asilimia 4.4 ya umeme wa nchi. Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka huo, umewalazimisha wenye vituo vya kilowati 500 na kuzidi kutoa hesabu zao hadharani, na nchi nyingine zingefanya vyema kuiga. Walakini hesabu hiyo haitatimia maadamu kompyuta isiyo na kazi, iliyosahauliwa kabatini huku feni yake ikivuma usiku kucha, inaandikwa na mita ya pili kuwa ni mtenda kazi.