Stata nzito

Stata nzito ni hali ya injini ya gari kuzungushwa polepole kuliko kawaida dereva anapogeuza ufunguo au kubonyeza kitufe cha kuwashia. Injini inajivuta, taa za dashibodi zinafifia, na pengine inazunguka mara mbili tatu kisha inagoma. Hali hii ni tofauti na ya gari lililokufa kimya. Ni tofauti pia na ya stata inayozunguka kwa kasi yake bila injini kuwaka, ambapo fundi hutazama mafuta na moto wa plagi. Katika stata nzito, ama umeme haufiki wa kutosha kwenye stata, ama unafika lakini stata imechoka, ama injini yenyewe imekuwa ngumu kuzungushwa. Mengi ya hayo hutofautishwa kwa mita ya umeme ya bei ndogo, kabla ya kununua kifaa chochote.

Suala la kununua linastahili kutajwa mapema, kwa kuwa hapo ndipo fedha za wenye magari zinapopotelea. Katika gereji nyingi, jibu la kwanza kwa stata nzito ni betri mpya. Betri mpya ina nguvu ya kuficha kasoro ya waya kwa muda, gari linawaka vizuri, mteja anaondoka ameridhika, kisha baada ya miezi michache anarudi na ugonjwa uleule. Betri nzima huishia kwa wauza vyuma chakavu kwa kosa la kibanio kilicholegea.

Umeme unavyofika kwenye stata

Stata ya umeme ni kazi ya mhandisi Mmarekani Charles Kettering, mwaka 1911, na Cadillac iliiweka katika magari yake ya mwaka 1912. Kabla ya hapo injini ilizungushwa kwa hendeli ya chuma mbele ya gari, na injini iliporudi nyuma ghafla hendeli iliweza kuvunja mkono wa aliyeishika. Hendeli haikutoweka mara moja. Land Rover za mwanzo ziliendelea kuwa nayo kama akiba.

Kwa sekunde chache za kuwasha, hakuna kifaa ndani ya gari kinachokula umeme kama stata. Injini ndogo ya petroli huhitaji takriban ampea 100 hadi 200. Ya dizeli, ambayo hugandamiza hewa kwa nguvu zaidi, inaweza kupita 300. Taa mbili kubwa za mbele zikiwaka pamoja hula ampea 10 hivi tu. Ndiyo maana gari linaweza kuwasha taa, kupiga honi na kuimba redio, na bado stata ikajivuta. Honi si kipimo cha betri, ingawa kila siku inatumiwa hivyo.

Volti zinazopotea njiani ni sawa na ampea zinazopita mara ukinzani wa njia. Ukinzani wa omu 0.01 ni mdogo mno hata mita ya kawaida haiwezi kuuona waya ukipimwa bila mzigo, lakini ampea 150 zikipita hapo, volti 1.5 nzima zinapotea na kugeuka joto. Taa ndogo ya ndani ikitumia njia hiyohiyo, hakuna atakayegundua kitu. Kwa hiyo njia ya stata hupimwa stata ikiwa inapigwa, si gari likiwa limelala.

Betri

Betri ya kawaida ya gari ina seli sita, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi. Ikiwa imejaa husoma karibu 12.6, kwenye 12.4 imebaki robo tatu, kwenye 12.2 nusu, na kwenye 12.0 imebaki robo au chini yake. Vipimo hivi vina maana gari likiwa limepumzika usiku kucha. Likiwa limetoka kutembea, taa kubwa huwashwa dakika moja au mbili na kuzimwa kwanza, ili volti za juujuu ziondoke.

Baada ya hapo mita hubaki kwenye vichwa vya betri na stata hupigwa. Betri nzima katika hali ya hewa ya kawaida haipaswi kushuka chini ya volti 9.6. Ikianza na 12.6 kisha ikaanguka hadi 8, ama imechoka ndani ingawa imejaa, ama kitu mbele yake kinavuta umeme kupita kiasi. Kwa betri zenye vifuniko, haidromita, inayopima uzito wa maji ya betri, humaliza ubishi: seli moja ikipishana na zenzake kwa 0.050 au zaidi baada ya kuchajiwa, betri hiyo haina wa kuiponya.

Joto la Dar es Salaam au Mombasa hukausha maji ya betri na kula vyuma vya ndani mwaka mzima. Baridi ya Njombe au Limuru mwezi Julai hupunguza nguvu yake kwa siku hiyo na kuuanika udhaifu uliokuwepo. Betri iliyoanza kuzeeka pwani huweza kuonekana nzima hadi asubuhi ya kwanza ya kulala penye baridi kama Makete. Namba ya CCA iliyoandikwa juu ya betri ni ampea inazoweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri bila kushuka chini ya volti 7.2. Hakuna gari la Afrika Mashariki linaloamka katika baridi hiyo, ila namba hiyo inafaa kulinganisha betri mbili dukani.

Betri isiyojaa si lazima iwe mbovu. Injini ikiwaka, volti kwenye betri zinatarajiwa kuwa kati ya 13.8 na 14.5. Zikibaki 12 na kitu, altaneta au mkanda wake ndio wa kushughulikiwa. Gari linalokaa kwenye foleni saa nyingi huku feni ya AC, taa na redio vikifanya kazi nalo huishi na njaa ya umeme, kwa kuwa altaneta hutoa kidogo injini ikizunguka polepole bila aksileta kukanyagwa. Vilevile king'ora au kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa ovyo huweza kunyonya betri usiku. Gari likiwa limezimwa na mifumo yake imelala, kinachovuja kisizidi miliampea 50 hivi.

Vichwa, nyaya na ethi

Sehemu hii ndiyo inayopuuzwa zaidi, na kwa magari yaliyotumika kutoka Japani ndiyo ya kuanza nayo. Betri ndogo za mtindo wa Kijapani huja na vichwa vya aina mbili. NS60L ina vichwa vyembamba. NS60LS, yenye herufi S mwishoni, ina vichwa vinene. Mnunuzi akipewa yenye vichwa vyembamba kwa gari lenye vibanio vya vichwa vinene, fundi huchomeka msumari au kipande cha bati la kopo ili kibanio kishike. Kwa mkono kinaonekana kimekaza. Kwa umeme, stata yote sasa inategemea mstari mwembamba wa chuma kinachoshika kutu. Dawa yake ni pete ya risasi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au kubadilisha kibanio.

Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa huondolewa kwa maji ya moto yenye magadi soda, kisha kichwa na ndani ya kibanio husuguliwa kwa msasa au brashi ya waya hadi viwe vyeupe. Grisi hupakwa baada ya kukaza, si kabla. Waya wa hasi hufunguliwa wa kwanza na kufungwa wa mwisho, ili spana ikigusa bodi isilete moto.

Kwa kupima, injini huzuiwa isiwake kwa kuchomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, na gia huwekwa huru. Ncha moja ya mita hugusa kichwa chanya chenyewe, si kibanio, na nyingine nati ya waya mnene kwenye stata. Stata ikipigwa, mita isizidi volti 0.5. Kisha upande wa hasi: kutoka kichwa cha betri hadi chuma kitupu cha injini, ambapo 0.2 ndiyo inayotarajiwa. Upande utakaosoma 1 au zaidi ndio wenye ugonjwa, na kusogeza ncha hatua kwa hatua kutaonyesha kiungo chenyewe.

Ethi ya injini, yaani waya unaorudisha umeme kutoka injini hadi bodi na hasi ya betri, husahaulika mara nyingi injini au giaboksi inaposhushwa. Umeme hauachi kutafuta njia: hurudi kwa kebo ya gia au ya aksileta, ambayo huchemka hadi plastiki yake kuyeyuka. Asiye na mita anaweza kufunga waya wa kushtulia kutoka hasi ya betri hadi chuma cha injini. Gari likipiga stata kwa wepesi, ethi ndiyo mbovu.

Usiku kuna kipimo kingine. Taa kubwa zikiwashwa na stata kupigwa, taa zikififia sana huku stata ikijivuta, tatizo ni betri, au stata na injini zinazodai umeme mwingi. Taa zikibaki na mwanga wake, umeme umezuiwa kati ya betri na stata, au ndani ya stata yenyewe.

Stata yenyewe, na injini

Stata inapofikiwa na umeme wote na bado inazunguka taratibu, hufunguliwa. Kaboni zikiisha hazigusi vizuri, na hapo stata huvuta ampea chache. Bushi zikilika, amecha (kiini kinachozunguka) hushuka na kukwaruza kuta za ndani, na hapo ampea huwa nyingi kupita kawaida. Mara nyingi ugonjwa huu hujitokeza injini ikiwa moto na kutulia ikipoa. Vipande vya shaba ndani ya solenoidi navyo huliwa na cheche, na katika stata nyingi za Toyota hubadilishwa peke yake kwa gharama ndogo. Fundi anayetaka kuuza stata nzima bila kuifungua aombwe aifungue kwanza.

Injini nayo huweza kuwa nzito. Oili ya 20W-50 kwenye injini iliyotengenezewa 5W-30 husikika asubuhi za baridi. Kompresa ya AC au altaneta iliyokwama huburuta injini. Mkanda ukivuliwa na stata ikawa nyepesi, jibu limepatikana. La hatari ni maji ndani ya silinda, baada ya gari kupita kwenye mafuriko kama ya Jangwani, Dar es Salaam. Maji hayagandamiziki. Stata ikilazimishwa, au gari likisukumwa, mkono wa pistoni hupinda. Plagi hutolewa kwanza, kisha injini huzungushwa kwa spana hadi maji yatoke.

Kushtua

Katika kushtua kwa betri ya gari jingine, chanya huunganishwa na chanya, na hasi ya gari linalosaidia hufungwa mwisho kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri yake, kwa kuwa betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche. Stata isipigwe zaidi ya sekunde 10 mfululizo, ipumzishwe ipoe. Gari la gia za kawaida husukumwa likiwa gia ya pili. La otomatiki halishtuki kwa kusukumwa. Msaada wa lori ni wa kuchunga: malori mengi hutumia volti 24 kutoka betri mbili zilizoungwa, na nyaya zikifungwa kwenye ncha za mwisho za betri hizo, gari dogo hupokea volti mara mbili ya uwezo wake na huweza kuunguza kompyuta ya injini na altaneta.