Timu Iliyokufa Ikishinda

Jumapili ya tarehe 21 Septemba 2025 nilikuwa kitandani hosteli, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji, bando likiisha huku naona. Kwa mara ya kwanza Afrika ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, na mwenyeji mwenyewe alikuwa jirani yetu, Kigali. Katika mbio za kila mtu kushindana na saa peke yake, Marlen Reusser wa Uswisi alichukua dhahabu. Wa pili alikuwa Anna van der Breggen wa Uholanzi. Wenzangu chumbani waliuliza kwa nini nashangilia Mzungu. Niliwaambia namshangilia mtu niliyemsoma.

Nasomea shahada ya uzamili ya historia. Muhula uliotangulia nilikuwa nimeandika insha ya semina kuhusu Équipe Paule Ka, timu ya wanawake ya kulipwa iliyoishi kwa jina hilo miezi michache tu ya mwaka 2020. Msimamizi wangu aliisoma, akavua miwani, akaniuliza: "Sasa mwanangu, miezi minne nayo ni historia?" Sikuwa na jibu.

Timu hiyo ilianza mwaka 2020 ikiitwa Bigla-Katusha. Bigla ni kampuni ya Uswisi inayotengeneza samani za ofisi. Katusha ni nembo ya mavazi ya baiskeli. Katika mchezo huu jina la timu ni jina la anayelipa. Barabara haina geti, kwa hiyo hakuna tiketi ya kuuza. Mdhamini akiondoka, huondoka na mishahara. Korona ilipoingia Ulaya, mbio zikasimama na wadhamini wale wawili wakajitoa. Mmoja wa waendeshaji, Elise Chabbey, ambaye ni daktari, alirudi kuhudumia wagonjwa hospitalini Geneva.

Julai ikaja habari njema: Paule Ka, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, imechukua udhamini. Jezi mpya, jina jipya. Mbio zikafunguliwa, na mabinti wale wakaendesha kama watu wanaodaiwa. Mwezi Agosti, huko Plouay, Ufaransa, Lizzy Banks alimaliza wa pili. Septemba, kwenye Giro Rosa ya Italia, ilipangwa hatua ndefu ya kilomita 170 kutoka Assisi hadi Tivoli, Banks akaishinda. Katika mbio hizohizo Mikayla Harvey, binti wa New Zealand mwenye miaka 22, alimaliza wa tano kwa jumla na kuvishwa jezi nyeupe ya kijana bora. Siku chache baadaye, kwenye mashindano ya dunia huko Imola, Reusser alipata fedha nyuma ya van der Breggen.

Oktoba timu ikafungwa. Fedha zilizoahidiwa na mdhamini mpya hazikuwa zimefika.

Mwaka huohuo shirikisho la dunia, UCI, lilikuwa limeanzisha mshahara wa chini kwa wanawake: euro 15,000 kwa mwaka, kwa timu za daraja la juu pekee. Timu hizo zilikuwa nane. Paule Ka ilikuwa daraja la pili, hivyo kinga ile haikuigusa.

Nilipokuwa naandika nilijiona nimesimama karibu mno na mada. Mwaka mmoja kabla, nilizunguka vijijini miezi miwili nikikusanya data kwa ajili ya mradi fulani. Nauli nilijilipia, nikiahidiwa kurudishiwa pamoja na posho. Ripoti ilitoka, ikasifiwa. Simu zangu zikaacha kupokelewa. Najua jinsi mtu anavyoendelea kufanya kazi vizuri huku hofu imemkaa tumboni, kwa sababu kufanya vibaya kungewapa wadaiwa kisingizio.

Kosa langu katika insha lilikuwa kuiita hadithi ya kushindwa. Sisi wanafunzi wa historia tuna tabia ya kuanzia kaburini: taasisi ikifa, tunatafuta ugonjwa ndani yake. Hapa ugonjwa haukuwa miguuni mwa walioendesha. Ulikuwa kwenye mikataba, katika ofisi ambazo wao hawakuwa na kiti. Ukisoma matokeo peke yake, bila kujua habari za malipo, utaona timu inayopanda, kisha ukurasa mtupu.

Jumamosi iliyofuata nilinunua bando jingine. Mbio za barabarani, kilomita 164.6, zikipanda na kushuka vilima vya Kigali, na ile barabara ya mawe ya Kimihurura ikiwachosha mzunguko baada ya mzunguko. Magdeleine Vallieres wa Canada alishinda. Wa pili, Niamh Fisher-Black wa New Zealand. Alikuwa na miaka 20 alipoivaa jezi ya Paule Ka. Chabbey, yule daktari, naye alikuwa mbele pamoja na walio bora.

Jumatatu nilimpelekea msimamizi wangu insha upya, safari hii ikianzia Kigali na kurudi nyuma. Alisoma kurasa mbili akiwa amesimama mlangoni. Kisha akavuta kiti.