Mipango Miji Dar es Salaam

Mipango miji jijini Dar es Salaam ni kazi ya kupanga na kusimamia matumizi ya ardhi inayofanywa kila mwaka na idara za mipango miji za halmashauri, chini ya uangalizi wa wizara yenye dhamana ya ardhi. Jiji limepata mipango kabambe ya 1949, 1968, 1979 na ule wa 2016 hadi 2036. Sura ya mitaa yake, hata hivyo, imetokana zaidi na kazi za kawaida za idara: michoro inayoidhinishwa, viwanja vinavyopimwa na maombi ya kubadili matumizi. Kazi hizo huzaa matunda zinapotangulia ujenzi, na hupoteza nguvu karibu zote zinapoufuata.

Chimbuko

Kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya 1891 iligawa mji kwa aina ya majengo yaliyoruhusiwa. Waingereza waliukaza mgawanyo huo ukawa wa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama mpaka. Ubaguzi huo haukuwa na utetezi wowote. Kariakoo ilipimwa mapema, na mitaa yake iliyonyooka ndiyo inayobeba maghorofa ya leo.

Kazi ya mwaka

Mwaka wa idara huanza Julai 1 pamoja na mwaka wa fedha, na bajeti inayopitishwa na Baraza la Madiwani ndiyo huamua ni maeneo gani yatachorwa na kupimwa. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji. Mchoro huandaliwa na Afisa Mipango Miji, hujadiliwa kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, kisha hupelekwa wizarani kuidhinishwa, ndipo mpima aingie uwanjani kusimika mawe ya mipaka. Lakini sehemu kubwa ya meza za idara hujaa mafaili ya kubadili matumizi. Mwenye kiwanja cha makazi Sinza anayetaka kuweka nyumba ya wageni hupaswa kuwasilisha ombi pamoja na hati yake na kutangaza kusudio gazetini, ili majirani wapate nafasi ya kupinga. Utaratibu huo ni mzuri, kwa kuwa jirani ndiye atakayeishi na kelele na magari. Huharibika pale biashara inapofunguliwa kwanza na ombi likaletwa baadaye: kamati inabaki na kazi ya kubariki kilichokwisha kusimama, au kuagiza kibomolewe.

Kupanga mapema na kurasimisha

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwenye miradi ya viwanja vyenye huduma iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia miaka ya 1970. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa na kuchongewa barabara kabla ya watu wengi kujenga, wakati Manzese iliboreshwa ikiwa tayari imejaa nyumba. Utafiti wa Guy Michaels na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021 kwenye Journal of Political Economy, ulichunguza maeneo ya aina hizo mbili nchini Tanzania na kukuta kwamba, miongo kadhaa baadaye, yale yaliyopimwa mapema yana nyumba bora na mpangilio nadhifu zaidi, ilhali yaliyoboreshwa hayakuyapita kwa kiasi kinachoonekana maeneo yasiyoguswa. Inaweza kujibiwa kwamba maeneo hayo yaliwavuta wenye uwezo na elimu. Ni kweli kwa sehemu, lakini waliovutwa walivutwa na barabara na mipaka iliyokwishawekwa.

Pingamizi la pili ni fedha, kwamba upimaji ni ghali. Lakini Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, uliendeshwa kwa mkopo wa Hazina uliorejeshwa kwa mauzo ya viwanja katika maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada na Tuangoma. Lawama iliyo na uzito ni kwamba bei iliwaacha nje wa kipato cha chini, na viwanja vingi vikakaa miaka bila kujengwa. Kasoro hiyo inadai viwanja vidogo na malipo ya awamu. Haiidhinishi kuacha kupima. Leseni za makazi, zilizoanza kutolewa jijini mwaka 2004 kwa maeneo yasiyopimwa, na urasimishaji uliofuata vimewapa watu wengi usalama wa kumiliki, jambo lisilopaswa kubezwa. Haviwezi kurudisha njia ya gari la zimamoto mahali ambapo kuta za nyumba mbili zinakaribia kugusana. Bonde la Msimbazi linaonyesha gharama iliyo juu zaidi ya ujenzi kutangulia mpango: baada ya mafuriko ya Desemba 2011 waathirika walihamishiwa Mabwepande, na alama nyekundu za X, za nyumba zinazotakiwa kubomolewa, zikarudi kwenye kuta za mabondeni miaka iliyofuata.

Hali ya sasa

Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zimebaki manispaa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani, kutoka 4,364,541 mwaka 2012, yaani ongezeko la wastani wa zaidi ya watu 100,000 kwa mwaka. Wengi hununua vipande vya mashamba pembezoni kama Chanika, Kivule na Chamazi, na huko ndiko bajeti ya upimaji ingali na nafasi ya kuwahi.