Matumbawe ya Hodhini Yaachwapo Bila Taa

Wafugao matumbawe majumbani, katika mahodhi ya kioo yenye maji ya bahari, wanapofunga safari pengine huiacha taa kubwa ya hodhi ikiwa haiwaki na kuliachia hodhi mwanga hafifu wa dirishani, ama kwa kuwa taa imeharibika na fundi hajapatikana, ama kwa kuchelea moto wa umeme katika nyumba isiyo na mtu.

Tumbawe ni mnyama, si jiwe wala mmea, ila ndani ya nyama yake huishi chembe za mwani ambazo, maadamu zinapata nuru, hutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wao sehemu kubwa ya riziki yake. Kwa hiyo kumzimia taa ni kumfungisha saumu, na swali la msafiri ni kiasi gani cha saumu kinavumilika.

Jawabu la asili linapatikana katika nchi ya Mto Tana, huko Kenya. Pale Hewani, kijiji cha Wapokomo karibu na Garsen, mto hupita ukiwa na rangi ya udongo, na mtu achotaye maji huyaacha kwanza yatulie hata tope likae chini, ndipo yafae kunyweka. Tope lipitalo hapo humwagikia baharini Kipini na kuitia giza Ghuba ya Ungwana, nalo, pamoja na maji baridi ya mto, ndilo sababu mwamba wa matumbawe uliofuatana na pwani kutoka Shimoni hadi Malindi hukatika hapo, usionekane tena ila kwa mafungu kuelekea Lamu na Kiunga. Sehemu ya tope hilo sasa huzuiliwa na mabwawa ya juu, Kindaruma la mwaka 1968, Masinga la 1981 na mengineyo, ambayo ndiyo yatoayo umeme. Hivyo mto uleule uyanyimao matumbawe nuru huku mwishoni huchangia kuwasha taa za mahodhi ya mijini.

Malindi mambo ni mepesi zaidi, kwani tope la Mto Sabaki huufikia mwamba wake hasa wakati wa kaskazi, na kusi ikivuma huchukuliwa upande wa pili. Wataalamu McClanahan na Obura, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1997, hawakukuta huko maangamizi yaliyohofiwa, bali waliona jamii ya matumbawe imeelemea kwenye aina zistahimilizo tope. Giza lenye kikomo, basi, huchagua kabla ya kuua.

Ndivyo ilivyo hodhini. Siku mbili tatu za giza hazina madhara makubwa, hata wako wafugaji wanaozima taa kwa makusudi muda kama huo ili kuua mwani mbaya. Zikipita wiki kadhaa, matumbawe laini aghalabu huvumilia, lakini yale magumu yenye matawi membamba huanza kufifia na kupauka. Hatari ya haraka, kwa maoni yetu, si kuzimwa taa bali kuzimwa pampu izungushayo maji na kuyaingizia hewa. Mwani usiopata nuru hautoi oksijeni, na viumbe vyote hodhini huendelea kuivuta usiku na mchana, hewa ukaa ikizidi na kuyatia maji ukali wa asidi. Hodhi lililozimwa taa na kuachiwa mzunguko wa maji huweza kumngoja mwenyewe, ilhali lililozimwa vyote viwili huenda lisifike asubuhi. Kadhalika katika miji ya pwani nyumba iliyofungwa hupata joto kali, na ikumbukwe kwamba joto la bahari ndilo lililoipausha miamba ya Kenya mwaka 1998, jua likiwa linawaka kama kawaida; basi dirisha liachwe wazi kwa mwanga, ila jua lenyewe lisilipige hodhi.

Arejeapo, mwenyewe asiiwashe taa kwa nguvu zake zote siku ya kwanza. Tumbawe lililozoea mwanga mdogo huzidisha rangi ya mwani wake likawa la kahawia, na nuru kali ya ghafula hulichoma. Saa chache kwanza, zikiongezwa kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja au mbili, zatosha.