Mbingu Chini ya Ardhi ya Moscow

Msomaji, pengine umezoea kuiona stesheni kuwa ni mahali pa kungojea treni tu: benchi, saa ukutani na dirisha la tikiti. Mjini Moscow, nchini Urusi, sivyo. Huko treni za umeme zilianza kupita chini ya ardhi tarehe 15 Mei, 1935, na wajenzi waliagizwa wazipambe stesheni kwa marumaru, sanamu na taa kubwa kama majumba ya wafalme. Wafalme wenyewe walikuwa wamekwisha ondolewa. Aliyekaribishwa humo alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Serikali ya Stalin ilikuwa na shabaha yake. Ilitaka kila apitaye aamini kwamba maisha mema yamekaribia, ijapokuwa huko juu familia nyingi zilibanana katika chumba kimoja kimoja.

Shuka nami kwa fikira mpaka stesheni ya Mayakovskaya, iliyofunguliwa mwaka 1938. Inua macho. Darini mna makuba madogo, na ndani yake utaona picha 34 zilizobuniwa na mchoraji Alexander Deineka: ndege, watu wakiruka kwa miavuli, matawi ya miti, kana kwamba wewe umo shimoni ukichungulia mbinguni tangu alfajiri hata usiku wa manane. Picha hizo hazikupakwa rangi. Ziliungwa kwa vipande vidogo vidogo vya kioo, kimoja baada ya kimoja, na Vladimir Frolov na mafundi wake huko Leningrad. Frolov alikuwa stadi tangu enzi ya wafalme. Karakana yake ndiyo iliyounga picha za watakatifu katika kanisa lililojengwa pale alipouawa Mfalme Alexander wa Pili. Naam, mikono iliyounga watakatifu ndiyo iliyounga ndege za Stalin!

Vita vilipoingia Urusi mwaka 1941, watu waliyakimbilia mashimo hayo kujificha mabomu. Tarehe 6 Novemba Stalin alihutubia mkutano katika Mayakovskaya yenyewe, majeshi ya Wajerumani yakiwa yamekaribia mji. Wakati huo Leningrad ulikuwa umezingirwa, na watu wake wakifa kwa njaa na baridi. Frolov, mzee wa zaidi ya miaka 60, hakuiacha karakana. Aliendelea kuunga picha za stesheni nyingine za Moscow, na mwaka 1942 akafa katika mji huo uliozingirwa. Picha zake zilivushwa Ziwa Ladoga, zikafika salama. Ukienda stesheni ya Novokuznetskaya, iliyofunguliwa mwaka 1943, utazikuta darini hata leo, nawe usiharakishe kama abiria wengine.

Sura ya mtawala haikupata utulivu huo. Stalin alifariki mwaka 1953. Mwaka 1956 Khrushchev aliyashutumu maovu yake, na baadaye picha zake zikaondolewa katika stesheni moja baada ya nyingine. Katika Taganskaya palikuwa na sanamu iliyomwonyesha akishangiliwa na watu. Hiyo nayo iliondolewa katika miaka ya 1960. Lakini mwezi wa Mei, 2025, mfano mpya wa sanamu hiyo uliwekwa katika stesheni ileile. Baadhi ya watu walileta maua. Wengine, wakiwakumbuka waliouawa na waliopotelea kambini, walipinga.