Safu ya Lugha: Zamu na duru

Anayecheza michezo ya video ya Kijapani huko Kiringye au Uvira huweza kukuta maandishi ya Kifaransa kwenye skrini, na humo neno tour limebebeshwa maana mbili. Kiswahili kinazitenganisha, na utajiri huo usipotezwe.

Zamu ni ya mmoja. Neno lina asili ya Kiarabu: mabaharia Waarabu wa Bahari ya Hindi waliita zam kipimo cha saa tatu za safari. Mlinzi naye hushika zamu. Duru, yenye asili ya Kiarabu pia, ni mzunguko mzima.

Katika Dragon Quest II ya 1987, mchezaji huwaagiza mashujaa wote kwanza, kisha duru huendeshwa, kila mmoja akipata zamu yake, maadui pia. Final Fantasy IV ya 1991 iliivunja duru. Kwa mfumo wa Hiroyuki Ito, kila mpiganaji ana muda wake wa kusubiri, na adui hamngoji anayesitasita. Mwepesi huweza kupata zamu mbili kabla mzito hajapata moja, kwa hiyo kusema “duru ya pili” hapo ni kosa.

Awamu ni jambo jingine: joka likibadili mbinu uhai wake ukipungua, pambano limeingia awamu mpya.