Seng'enge ya Kajiado

Asafiriye leo kutoka Nairobi kwenda Namanga hupita Athi River, kisha Kitengela, na baadaye Kajiado. Huona maduka, malori ya saruji na ng'ombe wa Wamaasai. Haoni dalili ya kwamba njia hiyo iliwahi kuwa njia ya wafungwa. Sisi hutazama sinema za jamaa waliotiwa kifungoni na watawala wa nchi za mbali, tukasikitika. Kumbe kisa cha namna hiyo kilipita mlangoni petu.

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitia sahihi amri ya Hali ya Hatari katika Kenya. Usiku ule askari waliwakamata viongozi na watu wengine waliodhaniwa kuwa nguzo za Mau Mau. Mmoja wao alikuwa Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa vitabu vya lugha ya Kikuyu. Alipelekwa katika kambi ya Kajiado. Hakushtakiwa mbele ya hakimu, wala hakuambiwa angekaa muda gani. Hapo ndipo penye uchungu. Mwizi aliyehukumiwa hujua siku yake ya kutoka. Mtu wa kizuizini hana siku ya kuhesabu.

Kutoka Kajiado alihamishiwa kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, na baadaye kambi ya Athi River, jirani ya Kitengela. Huko watu walishurutishwa kuungama viapo vyao. Mkewe, Shifra Wairire, naye alitiwa kizuizini Kamiti, kambi ya wanawake. Basi serikali haikumfunga mume tu, iliivunja nyumba.

Gakaara hakuwa na silaha ila kalamu. Aliandika kwa siri mambo aliyoyaona, akayahifadhi miaka mingi. Mwaka 1983 maandishi hayo yalitoka kuwa kitabu, na mwaka 1984 kikapewa Tuzo ya Noma.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963. Lakini mwaka 1966 Bunge la nchi huru liliirudishia serikali uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila hukumu. Ndiyo kusema udhalimu hauondoki kwa kushusha bendera moja na kupandisha nyingine. Huondoka pale raia wanapoikataa sheria mbaya, hata ikiwa imeshikwa na mikono ya ndugu zao.

Basi, msomaji, upitapo Kajiado, waulize wazee kambi ilikuwa wapi, nawe uyaandike majibu yao.